Kabla Hujamwaga Maji: Shati la Kazi na Mafuta ya Chipo

Wasee, kama unafanya kazi yoyote iliyo karibu na mafuta moto, iwe ni chipo, mandazi, bhajia ama kuku, hii posti ni yako. Kama hufanyi, tumia mtu unayemjua. Lazima yuko.

Nijitambulishe kwa waliofika juzi. Nilisoma kemia chuoni miaka miwili, karo ikagoma, nikarudi mtaani. Sasa natengeneza vidio, na siku nne kwa wiki niko nyuma ya karai la chipo kwa mkahawa mmoja katikati ya Nairobi, kwa sababu kontenti hailipi kodi ya keja kila mwezi. Kwa hivyo hili swala la madoa silisomi tu mahali. Naishi nalo.

Watu ambao hawajawahi kufanya kazi ya mkahawa hudhani doa ni aibu kidogo tu, kitu cha kucheka. Kwetu doa ni pesa. Ukiajiriwa unapewa mashati mawili meupe na aproni moja, suruali nyeusi unajitafutia. Unafua mwenyewe nyumbani, kwa maji yako na sabuni yako, saa nne usiku umechoka kama punda. Asubuhi meneja anasimama mlangoni anakuangalia kutoka kola mpaka viatu. Akiona doa anaandika jina lako kwa kitabu chake, halafu mwisho wa mwezi unakuta mia nane imeenda. Ukiuliza unaambiwa "shati jipya."

Kuna dada tunafanya naye kazi, yuko upande wa kuku. Alikatwa hivyo mara mbili ndani ya miezi mitatu. Mia nane kwake ni maziwa ya mtoto na nauli ya siku kadhaa. Baada ya hiyo ya pili alianza kufunga aproni juu kabisa, karibu shingoni, shifti nzima, joto la jikoni likimpiga, ili afiche kadoa kenye ukubwa wa shilingi kumi. Mimi nilikuwa naona tu jasho. Sikujua ni kwa sababu ya doa mpaka aliponiambia, na hapo ndipo niliamua nitaandika hii kitu vizuri, mwanzo mpaka mwisho, bila zile mbio za vidio ya sekunde thelathini.

Tuanze na adui mwenyewe. Mafuta yaliyo kwa karai la chipo si yale yaliyokuwa kwa mtungi. Yamechemka tangu asubuhi, pengine tangu jana, yamekutana na hewa, chumvi, maji ya viazi na unga wa kuku. Mafuta yakipata moto na hewa kwa muda mrefu, molekuli zake huanza kushikana, moja inavuta nyingine, yanakuwa mazito na ya kunata. Angalia ukingo wa karai lolote la kibanda, au matako ya sufuria ya nyumbani. Ule utando wa kahawia unaonata kama gundi, ambao huwezi kuutoa mpaka uukwaruze kwa waya, ulikuwa mafuta ya kawaida. Rangi ya mafuta ikikauka ukutani ni mambo ya aina hiyohiyo.

Sasa fikiria utando huo ukijitengeneza ndani ya uzi wa shati lako. Hicho ndicho pasi inafanya. Unafua haraka haraka, shati likiwa limelowa huoni doa kwa sababu kitambaa chote kimekuwa na rangi ya giza kidogo, unaanika, unapiga pasi, unapika mafuta yaliyobaki ndani ya uzi. Hata jua kali linasaidia hiyo kazi, polepole. Ndiyo maana doa la jana ni la kijivu na linatoka, na doa la mwezi jana ni la manjano na limekataa. Kama utasahau kila kitu kwa hii posti, usisahau hii: hakuna pasi mpaka uwe umehakikisha shati likiwa kavu kwamba doa limetoka.

Ubaya mwingine uko kwa kitambaa. Shati nyingi za kazi ni mchanganyiko wa pamba na poliesta, kwa sababu ni bei nafuu na hazikunjiki ovyo. Poliesta ni ndugu wa plastiki. Haipendi maji sana lakini mafuta inayapenda mno, inayakumbatia. Umewahi kuosha kontena ya plastiki iliyokuwa na mchuzi ukaona inabaki na utelezi hata baada ya kuosha mara mbili? Basi unavaa kitu cha familia hiyo.

Elimu ya kweli, hata hivyo, nilipewa na mama fua wa ploti yetu, si chuo. Kuna Jumamosi alikuwa anafulia jirani rundo la nguo za hoteli, nikamwona anachukua aproni kavu, haijaguswa na tone la maji, anaipaka sabuni ya vyombo akiisugua kwa kidole. Nikamuuliza, "Mathe, si ungeloweka kwanza?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama jua linachomoza usiku. "Kijana yangu, ukiweka maji kwanza umeyafungia mafuta ndani. Maji yanaingia kwa uzi, sabuni inakosa mahali. Mpe sabuni nafasi iongee na mafuta wawe wawili peke yao. Maji ni mgeni wa mwisho."

Nilicheka, lakini kikemia mathe yuko sawa. Sabuni ni molekuli yenye pande mbili: kichwa kinapenda maji, mkia unapenda mafuta. Mikia inazama ndani ya tone la mafuta, vichwa vinabaki nje, halafu maji yakija yanabeba hiyo tonge nzima na kwenda nayo. Ukiloweka kwanza, sabuni inachanganyika na beseni lote la maji na inayofika kwa doa ni kidogo tu. Ukiipaka kavu, inafika ikiwa na nguvu zote. Mihadhara miwili nilikaa darasani kuhusu hii kitu na hakuna mtu alinionyesha aproni.

Kwa hivyo hivi ndivyo sisi hufanya sasa, mimi na wenzangu wa zamu.

Kwanza kabisa, ngozi. Mafuta moto yakikurukia, sahau shati. Toa nguo iliyolowa mafuta kama haijanata kwa ngozi, weka mahali palipoungua chini ya maji ya mfereji ya baridi, yatiririke dakika ishirini nzima. Si dawa ya meno, si yai, si unga. Likiwa kubwa au limetoa malengelenge, hospitali. Nasema hivi kwa sababu nimeona mtu anafuta shati kwanza, mkono ukiendelea kuiva. Hiyo mia nane isikufikishe hapo.

Kama ni nguo pekee imepata, chukua tishu au kitambaa kikavu ukandamize doa. Kandamiza, usipanguse. Ukipangusa unalipanua. Halafu mwagia unga juu yake, wa mahindi ama wa ngano, jikoni hauwezi kukosa, au poda ya mtoto kama unayo. Unga unanyonya mafuta ambayo bado hayajaingia ndani sana. Uache robo saa hivi ukiendelea na kazi, kisha ukung'ute mbali na chakula cha watu tafadhali. Hautaondoa doa lote, lakini umepunguza kazi ya usiku kwa nusu.

Ukifika nyumbani, usiloweke. Tandaza shati kavu mezani, weka tishu au kitambaa kizee chini ya doa ili mafuta yanayosukumwa yapate pa kwenda yasitokee mgongoni. Dondosha sabuni ya vyombo ya maji maji. Haihitaji kuwa ya chupa kubwa, vile vipaketi vidogo vya duka la mtaa vinatosha mashati kadhaa. Sugua kwa kidole au mswaki mzee laini, ukianzia ukingoni mwa doa kuja katikati. Geuza, fanya hivyo upande wa ndani pia. Acha dakika kumi au kumi na tano. Ndio muda wa kuweka chai.

Baada ya hapo ndio sasa mgeni wa mwisho anaingia, na aje akiwa wa moto kiasi. Maji baridi ya asubuhi ya Nairobi na mafuta mazito ya kupikia, yale yanayoganda kwa mkebe, hayaelewani hata kidogo. Mafuta yanaganda palepale kwa uzi. Maji yenye joto ambalo mkono unavumilia yanayafanya yabaki laini. Angalia kile kilebo cha ndani ya shati kinasema joto gani, pamba tupu inavumilia zaidi kuliko mchanganyiko. Suuza mpaka utelezi uishe, kisha fua kawaida, na hiyo nguo ifuliwe peke yake. Ukiichanganya na zingine kwa beseni moja unagawia kila mtu mafuta. Kama una sabuni ya unga yenye vimeng'enya, tumia, kuna aina inayokata mafuta vipande vipande, ila isitie kwa maji yanayochemka kwa sababu moto mkali unaiua nguvu.

Anika kivulini. Likikauka, lipeleke karibu na dirisha, litazame kwa mshazari. Bado kuna kivuli? Rudia sabuni, kavu tena. Mimi huwa narudia mara mbili kwa mafuta ya kuku, mara moja kwa ya chipo. Sijui nikueleze nini, kuku wana roho ngumu.

Watu wa mitaa ya maji ya borehole, hapa mnaumia zaidi na si makosa yenu. Yale maji ya chumvi chumvi yana kalsiamu na magnesi, na sabuni ya kipande ikikutana nayo inafanya utando mweupe badala ya povu. Huo utando unarudi kwa nguo na kushika mafuta vizuri zaidi. Sabuni ya vyombo ya maji maji haisumbuliwi sana na maji hayo, sababu nyingine ya kuanza nayo. Kama una mtungi wa maji ya mvua, yaweke ya kusuuzia.

Sasa niongee kama mtu wa kontenti, na wenzangu mnisamehe. Zile vidio za soda ya kuokea na siki juu ya doa, povu linapanda, muziki unapigwa, "angalia uchawi huu." Manze, ile povu ni hewa ya kaboni inatoroka. Soda ni alkali, siki ni asidi, ukizichanganya zinamalizana zenyewe kwa zenyewe na unabaki na maji yenye chumvi fulani isiyo na kazi kwa mafuta. Soda peke yake ingenyonya kidogo. Siki peke yake ina kazi zake. Pamoja ni shoo. Najua kwa nini inawekwa, povu linavutia macho, na mtu anayesugua shati kavu kwa kidole dakika tano hana chochote cha kuonyesha. Vidio yangu ya mathe wa ploti ilipata robo ya watu ambao ile ya povu ya jamaa mwingine ilipata. Sitaki kulia hapa, lakini mtu anayefuata ile ya povu anapoteza usiku mmoja, asubuhi yuko mlangoni kwa meneja na doa lake.

Kupoteza usiku ni nafuu, kuna zingine mbaya zaidi. Jik haiondoi mafuta. Inatoa rangi. Kwa shati jeupe inaweza kukudanganya siku mbili, kwa suruali nyeusi umejichorea ramani. Na usiwahi, hata siku moja, kuchanganya Jik na siki au dawa ya kuoshea choo, hewa inayotoka hapo ni sumu ya klorini, na hizi bafu zetu za ploti hazina dirisha. Kuna pia wale wa mafuta ya taa na petroli. Ni kweli vinayeyusha mafuta. Ni kweli pia kwamba kesho utasimama mbele ya moto ukiwa umevaa hiyo nguo. Fikiria tu hapo.

Na madoa ya zamani, yale yalishapigwa pasi? Hapa nitakuwa mkweli, mengine yameshinda. Lakini kabla ya kukata tamaa, kwa aproni nyeupe ya pamba jaribu magadi, yale ya kutoka Ziwa Magadi kule Kajiado ambayo mama zetu huweka kwa githeri ilainike. Ni alkali, na alkali ikipata mafuta na joto inageuza sehemu ya mafuta hayo kuwa sabuni. Ndivyo sabuni ilivyotengenezwa tangu zamani, mafuta na majivu. Yeyusha kijiko kikubwa kwa lita tano hivi za maji moto, acha uchafu utulie chini, mimina yale maji safi ya juu kwa beseni lingine, loweka aproni saa moja. Kisha rudi kwa sabuni ya vyombo na mswaki. Vaa glavu, magadi yanakausha mikono vibaya. Usijaribu kwa sufu wala hariri, na nguo ya rangi ijaribu kwanza kwa upindo wa ndani. Dada wa kuku aliokoa aproni moja hivi. Shati lake la poliesta halikuokoka.

Hapo ndipo tulianza kuongea kuhusu upande mwingine wa hii stori, kwa sababu hata ukijua kemia yote duniani, mtu anayekaanga kuku masaa tisa atarukiwa na mafuta. Hiyo si uchafu wake, ni kazi yenyewe. Halafu mtu aliyemkabidhi shati jeupe na kumweka mbele ya karai anamkata mshahara kwa kurukiwa?

Nilitoa simu tukasoma Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, tukiwa tumekaa kwa magunia ya viazi. Kinaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali yake iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi, wasee. Si ajali, si mafuta kuruka. Na makato yote yakijumlishwa hayafai kupita thuluthi mbili za mshahara. Mimi si wakili, niliacha chuo kabla hata ya kufika mwaka wa tatu, lakini kusoma najua. Ukiona jambo lako halieleweki, afisa wa leba yuko kwa ajili hiyo.

Na nauliza tu, nani aliamua mtu wa karai avae nyeupe? Naelewa usafi uonekane. Wa afya wakija wanataka nguo safi na cheti chako cha uchunguzi, sawa kabisa, mimi pia sitaki kula chipo ya mtu mchafu. Lakini nyeupe iwe ya anayepokea wateja. Wa jikoni apewe aproni mbili nzito za pamba zinazofika kifuani, abadilishe katikati ya shifti. Gharama yake ni ndogo kuliko mashati wanayodai tumeharibu.

Tulienda watano kwa meneja, na tulienda kwa upole, saa tisa mchana wakati hakuna wateja. Dada ndiye aliongea. "Bosi, tunaomba ukikata uandike ni kwa nini, na uandike kama ilikuwa makusudi." Meneja akasema hiyo ni kelele ya mitandao, akanitazama mimi. Wiki mbili baadaye aproni zilikuja, moja moja kwa kila mtu wa jikoni, hakuna aliyesema zimetoka wapi. Mwezi huo hakuna jina liliingia kwa kitabu. Zile mia nane mbili za dada hazijarudi. Anaziulizia kila tarehe ya mshahara, kwa sauti ileile ya upole.